Salfeti au Fosfeti? Mwongozo Kamili wa Kuutambua Unga Mweupe Uliopoteza Jina

Mzee mmoja anayelima nyanya na pilipili hoho ndani ya kivungulio huko Ruai alinijia Jumamosi moja na mikebe mitatu ndani ya kikapu. Mvua ilikuwa imeingia stoo, lebo za magunia zikaoza, na sasa alikuwa na unga mweupe wa aina tatu asioweza kuutofautisha.

"Mwalimu," akasema, "moja ni SOP, moja ni MKP, na moja ni ile chumvi ya Epsom. Nilinunua mwenyewe, lakini sasa sijui ipi ni ipi. Na mipira ya kumwagilia kwa matone nayo imeziba."

"Karibu kiti, mzee wangu. Tutazipima zote. Ila usionje."

"Nimeshaonja. Hii ya huku ni chungu."

Alikuwa amepatia, maana chumvi ya Epsom ni chungu kweli. Lakini ulimi haujui kutofautisha salfeti na fosfeti, na siku moja utakutana na kitu kisichosamehe. Kwa lugha ya kemia, SOP ni salfeti ya potasiamu, K₂SO₄. Epsom ni salfeti ya magnesiamu iliyoshika maji ndani ya fuwele zake, MgSO₄·7H₂O. MKP ni fosfeti ya potasiamu, KH₂PO₄. Swali la mzee lilikuwa hilo tu: salfeti ni zipi, na fosfeti ni ipi?

Nitaeleza hatua tulizofuata, na mitego niliyoona wanafunzi wakinaswa nayo kwa miaka mingi ya maabara ya shule hapa Nairobi. Kabla ya tone la kwanza, naomba uvumilie nadharia kidogo. Ni wazo moja tu, lakini ukilikosa utakariri majaribio kama kasuku.

Kinachozitenganisha ni asidi

Ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, ya salfeti huandikwa SO₄²⁻, ya fosfeti PO₄³⁻. Umbo lao ni moja. Fikiria mafiga matatu na chungu juu yake: oksijeni tatu ndizo mafiga, ya nne ndiyo chungu, na pale penye moto imekaa salfa au fosforasi. Elementi hizi mbili ni majirani kwenye jedwali, fosforasi namba 15 na salfa namba 16, na hata uzito wa ayoni zao unakaribiana, 95 kwa 96. Mbolea mbili maarufu zinashangaza zaidi: DAP, (NH₄)₂HPO₄, na salfeti ya amonia, (NH₄)₂SO₄, zote zina uzito wa molekuli wa takriban 132.1. Mizani haiwezi kukusaidia.

Tofauti iko kwenye chaji, na chaji ndiyo inayoamua ayoni inavyopokea protoni, yaani H⁺, ambayo asidi yoyote huileta. Asidi ya salfuriki ni kama mtu anayetoa mkopo bila kudai: huziachia protoni zake mbili upesi, ya kwanza papo hapo na ya pili kwenye pH ya karibu 2 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na namba ikishuka asidi inazidi). Asidi ya fosforiki ina protoni tatu na huziachia kwa kusitasita, moja karibu na pH 2.1, nyingine 7.2, na ya mwisho 12.3. Geuza habari hiyo uisome kutoka upande wa pili: fosfeti inazipenda protoni, hukimbilia kuzichukua. Salfeti haina haja nazo, labda ukiibana kwa asidi kali.

Tuweke hesabu. Chukua maji yenye pH 5, ambayo ni asidi dhaifu tu. Ndani yake, salfeti 999 kati ya kila 1000 bado ni SO₄²⁻ ile ile. Fosfeti iliyobaki katika umbo la PO₄³⁻ haifiki hata moja katika bilioni. Nyingine zimeshabeba protoni, na karibu zote zimekuwa H₂PO₄⁻, ayoni yenye tabia tofauti kabisa: haishikani kwa nguvu na kalsiamu wala bariamu, na chumvi zake nyingi huyeyuka.

Kwa hiyo chumvi ya fosfeti isiyoyeyuka majini kwa kawaida huyeyuka ukiitilia asidi, kwa sababu asidi inaiba fosfeti kutoka kwenye mashapo, yaani ule unga usioyeyuka unaotuama. Chumvi ya salfeti isiyoyeyuka hubaki ilivyo. Majaribio yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hilo, na hata mipira ya mzee iliziba kwa sababu hiyo hiyo.

Vifaa, na maji ya kuyeyushia

Utahitaji testitubu sita hivi, mrija wa kudondoshea, karatasi ya pH, na vimiminika hivi: kloridi ya bariamu (gramu 2.4 za fuwele kwa mililita 100 za maji zinatosha), asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, asidi ya naitriki iliyozimuliwa, na amonia iliyozimuliwa. Ukitaka uthibitisho kamili, ongeza naitreti ya fedha na molibdeti ya amonia. Kama huna maabara, zungumza na mwalimu wa kemia wa shule iliyo karibu nawe. Wengi wetu hufurahi tukiletewa tatizo la kweli badala ya lile la kitabuni.

Maji ndiyo watu huyadharau. Maji ya kisima hapa mjini huwa yamebeba bikaboneti na floridi, mara nyingine na salfeti. Ukiyeyushia sampuli humo, utapima kisima badala ya mbolea. Maji ya bomba nayo yana kloridi, na kloridi huharibu jaribio la fedha. Nunua maji ya betri yaliyotolewa ayoni, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma chupa mara mbili. Rafu ile ile huwa na asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki ya takriban asilimia 30 hadi 37, na chupa hufanana.

Kuhusu usalama sitazungusha maneno. Bariamu inayoyeyuka ni sumu, hivyo usiishike na kula mandazi. Naitreti ya fedha huchafua ngozi ikawa nyeusi kwa siku kadhaa. Asidi yoyote usiikutanishe na dawa ya kung'arisha nguo, kwani hutoa gesi ya klorini. Na ukizimua asidi, asidi ndiyo humwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo.

Hatua ya 1: Yeyusha, kisha upime pH

Weka unga wa kujaza ncha ya kijiko cha chai ndani ya mililita 20 za maji ya betri, koroga, chovya karatasi ya pH. Matokeo hapa ni dokezo tu. Salfeti ya potasiamu hutoa karibu 7. MKP hutoa 4 na nusu hivi, kwa sababu H₂PO₄⁻ bado ina protoni za kutoa. DAP hupanda hadi 8. Fosfeti ya sodiamu yenye sodiamu tatu, Na₃PO₄, hufika 12 na huteleza vidoleni kama sabuni, nayo hutumika kusafishia mafuta magumu.

Mwanafunzi mwenye haraka angehitimisha kwamba salfeti ziko katikati na fosfeti ziko pembeni. Apime basi shabu, ile salfeti ya aluminiamu ya kusafishia maji: pH yake ni karibu 3, na kosa si la salfeti bali la aluminiamu. Salfeti ya amonia nayo ni asidi kidogo kwa ajili ya amonia yake. Andika namba kwenye daftari, uendelee.

Mikebe ya mzee ilitoa takriban 7, takriban 6, na 4 na nusu. Nilishaanza kushuku, lakini nilinyamaza.

Hatua ya 2: Bariamu kwanza, asidi baadaye

Chukua mililita 2 za mmumunyo wako, dondosha matone matano ya kloridi ya bariamu. Angalia kabla ya kufanya lolote lingine.

Kama ni salfeti, mashapo meupe mazito hutokea papo hapo, kama uji uliomwagiwa maziwa. Hiyo ni BaSO₄. Kama ni DAP au fosfeti nyingine isiyo na asidi nyingi, mashapo meupe hutokea pia. Hapa ndipo watahiniwa wengi wa KCSE hupoteza alama: wanaandika "mashapo meupe, kwa hiyo salfeti" na kuweka kalamu chini. Mashapo meupe hayajasema kitu bado. Kaboneti hutoa mashapo meupe, salfaiti (SO₃²⁻, si salfeti) hutoa, fosfeti hutoa.

Sasa ongeza asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mililita 2 hivi, utikise.

Mashapo yakibaki kama yalivyo, ni salfeti. Yakiyeyuka kimya kimya, maji yakawa angavu, una fosfeti mkononi na itahitaji kuthibitishwa. Yakiyeyuka kwa mapovu, ni kaboneti. Nimewahi kuletewa "mbolea" iliyopovuka hivyo. Ilikuwa imechanganywa na magadi ya kawaida, yale ya kulainishia maharagwe. Yakiyeyuka na kutoa harufu kama ya kiberiti kilichowashwa, ni salfaiti.

MKP ina kituko chake, na ndicho kilichomfanya mzee anikazie macho. Tulipotia bariamu kwenye mkebe wa tatu, hakikutokea kitu. Maji angavu, kana kwamba hatujatia lolote.

"Hii ni chumvi ya meza?" akauliza.

"Subiri, mzee wangu."

Nikadondosha amonia, tone, tone, tone. Wingu jeupe likajikusanya. Nikatia asidi, wingu likatoweka. Amonia tena, likarudi. Mmumunyo wa MKP tayari una asidi yake, kwa hiyo fosfeti yote imebeba protoni na bariamu haina wa kushikana naye. Amonia huzinyang'anya zile protoni. Hakuna jaribio linalonifurahisha kama hili, maana unaliona lile wazo moja likiwaka na kuzimika mbele ya macho yako.

Mitego mitatu ya hatua hii. Wa kwanza ni kutumia asidi ya salfuriki badala ya haidrokloriki: utakuwa umeleta salfeti mwenyewe, na kila sampuli duniani itaonekana kuwa salfeti. Nimeliona mara nyingi, na mara zote mhusika ana uhakika kabisa. Wa pili ni kutumia asidi kali isiyozimuliwa, ambayo inaweza kulazimisha kloridi ya bariamu yenyewe kutuama. Wa tatu ni kutumia naitreti ya risasi badala ya bariamu bila kufikiri: risasi hutoa mashapo meupe kwa salfeti, fosfeti, na hata kloridi. Ukiitumia, utakuwa na kazi zaidi ya kutenganisha.

Hatua ya 3: Thibitisha fosfeti kwa rangi

Kuyeyuka ni ushahidi wa kukosekana kwa salfeti. Fosfeti inastahili ushahidi wake yenyewe, na bahati nzuri ina rangi.

Njia ya fedha ni ya haraka. Dondosha naitreti ya fedha kwenye mmumunyo usio na asidi wala besi nyingi. Fosfeti hutoa mashapo ya manjano, Ag₃PO₄. Salfeti haitoi kitu kwenye mmumunyo mwepesi, kwa kuwa salfeti ya fedha huyeyuka kiasi, au hutoa weupe hafifu ukiwa mzito. Ukiona weupe unaoganda kama maziwa yaliyochacha, hiyo ni kloridi, rudi ukaangalie maji uliyotumia. Manjano ya fosfeti huyeyuka katika asidi ya naitriki na pia katika amonia, kwa hiyo ukizidisha chochote kati ya hivyo utaona patupu. Na mchanganyiko wa fedha na amonia usiuweke ukalala. Ukikaa unaweza kuacha masalia yanayolipuka. Umwage siku hiyo hiyo kwa maji mengi, ukiwa umeutilia asidi kwanza.

Njia ya molibdeti ndiyo ninayoiamini. Weka mililita 2 za sampuli, ongeza asidi ya naitriki, kisha molibdeti ya amonia kwa wingi kuliko sampuli. Pasha moto polepole kwenye maji ya moto, nyuzi 50 hadi 60, usichemshe. Fosfeti hutoa unga wa manjano unaong'aa kama kiini cha yai la kienyeji. Ukichemsha, aseniki ikiwemo nayo hutoa manjano hayo hayo. Salfeti haina habari kabisa.

Kuna njia ya tatu ambayo ni ya bei nafuu, na inachekesha kwa sababu salfeti ndiyo inayomfichua nduguye. Yeyusha chumvi ya Epsom pamoja na kloridi ya amonia na amonia, kisha umwagie kwenye sampuli. Fosfeti hutoa fuwele ndogo nyeupe za MgNH₄PO₄·6H₂O. Zikikawia, sugua ukuta wa testitubu kwa ndani kwa kijiti cha kioo. Fuwele hizi hizi hujijenga ndani ya mabomba ya majitaka, na ni aina mojawapo ya mawe ya figo.

Mkebe wa tatu wa mzee ulitoa manjano kwa molibdeti. MKP. Mikebe miwili iliyobaki ilikuwa salfeti zote, kwa hiyo tukahitaji kumuuliza mwenzi wa salfeti ni nani. Tulitia soda kali, yaani haidroksidi ya sodiamu. Mkebe mmoja ukatoa mashapo meupe ya haidroksidi ya magnesiamu, na ndio ule mchungu. Mwingine haukutoa kitu: potasiamu, SOP.

"Ulimi wangu ulisema," akasema mzee. Sikubishana naye.

Hatua ya 4: Kama zote mbili zimo

Mbolea nyingi si salfeti tupu wala fosfeti tupu. Superfosfeti ya kawaida, kwa mfano, ina fosforasi ya asilimia 16 hadi 20 ikihesabiwa kama P₂O₅, na salfa ya asilimia 11 au 12. Ukiitia bariamu kisha asidi, mashapo hupungua lakini hayaishi, na utakuna kichwa.

Geuza mpangilio. Tia asidi ya naitriki kwanza, ndipo uongeze naitreti ya bariamu mpaka isitoe tena mashapo mapya. Asidi imeshaizuia fosfeti, kwa hiyo kinachotuama ni salfeti peke yake. Chuja, kisha jaribu maji yaliyopita kwa molibdeti.

Kuchuja ndiko kunakotesa. Chembe za BaSO₄ mpya ni ndogo mno kiasi kwamba hupita kwenye karatasi, na maji yanashuka yakiwa na ukungu. Dawa yake ni kuweka chombo kwenye maji ya moto kwa nusu saa. Chembe ndogo huyeyuka kidogo na kujijenga juu ya zile kubwa, kisha zinazuilika. Mwanafunzi anayechuja mara moja huishia kuchuja mara tatu.

Mipira iliyoziba

Hili ndilo lililomleta mzee hasa, ingawa hakulisema kwanza.

Alikuwa akiweka kila kitu kwenye tangi moja: naitreti ya kalsiamu, SOP, MKP, Epsom, anakoroga, anafungulia. Kalsiamu hushikana na salfeti ikawa jasi, CaSO₄·2H₂O, na hushikana na fosfeti ikawa fosfeti ya kalsiamu. Lakini kila moja ina masharti yake.

Jasi huyeyuka kwa takriban gramu 2.4 kwa lita, na asidi haibadilishi mengi. Mmumunyo mzito wa gramu 100 za naitreti ya kalsiamu kwa lita una kalsiamu mara thelathini hivi kuliko ile ambayo jasi ingeweza kuhimili majini. Hapo lazima itue. Ukizimua mpaka gramu moja kwa lita, uko salama. Salfeti, basi, inauliza uzito wa mmumunyo.

Fosfeti inauliza pH. Kwenye 5.5 hadi 6 inakaa kama H₂PO₄⁻, na kalsiamu iliyozimuliwa inaiacha ipite. Ikipanda zaidi ya 7, na maji ya kisima yenye bikaboneti huipandisha bila kukuomba ruhusa, fosfeti ya kalsiamu huanza kujenga ukuta ndani ya vitundu vya matone.

Mpangilio unaofaa ni huu. Tangi A: naitreti ya kalsiamu peke yake, pamoja na chuma kama unakitumia. Tangi B: SOP, Epsom na MKP. Vikutane ndani ya maji mengi tu, baada ya kuzimuliwa. Pima pH ya maji yanayofika kwenye mmea, siyo ya tangi pekee, na uishushe hadi 5.5 au 6 kwa asidi ya naitriki au ya fosforiki kidogo kidogo.

Kwa mipira iliyokwisha kuziba, kwangua ukoko kidogo, uweke kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Ukiyeyuka bila mapovu, ni fosfeti. Ukipovuka, ni chokaa ya maji ya kisima. Aina hizo mbili zinaondolewa kwa kujaza mipira maji yenye asidi na kuiacha usiku kucha, kisha kusuuza. Ukigoma, una jasi, na unaweza kuilowesha kwenye asidi mpaka Krismasi.

Kwa jasi, tumia magadi. Loweka vitundu kwenye mmumunyo mzito wa magadi safi kwa siku moja au mbili:

CaSO₄ + Na₂CO₃ → CaCO₃ + Na₂SO₄

Salfeti hutoka na maji, jasi hugeuka chokaa, na chokaa sasa inakubali asidi. Suuza kwanza magadi yote, ndipo utie asidi, la sivyo asidi yako itamalizwa na magadi kabla haijafika kazini. Mzee alipata ukoko wa aina zote mbili, fosfeti nje na jasi ndani. Alifuata njia ndefu, magadi katikati ya asidi mbili. Vitundu vichache vilikataa katakata, akavitupa.

Pale zinapokutana zenyewe

Watu huniuliza kama salfeti na fosfeti "huitikiana". Ukimwaga SOP na MKP kwenye ndoo moja, hazifanyi kitu. Zote ni hasi na husukumana. Kinachofanyika huhitaji mtu wa tatu, yaani protoni au metali.

Protoni ndiyo iliyozaa tasnia nzima. Mwaka 1842 John Bennet Lawes wa Uingereza alipata hataza ya kutengeneza mbolea kwa kumimina asidi ya salfuriki juu ya fosfeti ngumu kama mifupa:

Ca₃(PO₄)₂ + 2H₂SO₄ → Ca(H₂PO₄)₂ + 2CaSO₄

Isome tena ukilikumbuka wazo letu. Salfeti inachukua kalsiamu, fosfeti inachukua protoni, na fosfeti iliyokuwa jiwe inakuwa chakula cha mmea. Viwanda vinavyotengeneza asidi ya fosforiki kwa njia hii hubaki na takriban tani 5 za jasi kwa kila tani moja ya P₂O₅. Jiwe la fosfeti la Minjingu, kule Tanzania karibu na Ziwa Manyara, linaweza kusagwa na kutiwa shambani moja kwa moja, lakini hufanya kazi pale ambapo udongo wenyewe una asidi ya kutosha kufanya kazi ya Lawes.

Kwa upande wa metali, shabu ndiyo mfano. Ukiitia kwenye majitaka yenye fosfeti, aluminiamu huiacha salfeti na kushika fosfeti, ikawa AlPO₄ inayotuama. Salfeti inaachwa ikielea. Udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Limuru hufanya vivyo hivyo bila kuombwa, kwa kuwa una chuma na aluminiamu tele. Ndiyo maana DAP huwekwa ndani ya shimo, karibu na mzizi, siku ya kupanda: ikitawanywa juu, udongo huikamata kabla ya mmea. Salfeti haikamatwi hivyo, husafiri na maji, na mvua za Aprili huweza kuipeleka mbali na mizizi. Hiyo igawanywe kidogo kidogo. Kabla ya kununua gunia lolote, peleka udongo ukapimwe; KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, wana maabara ya udongo pale Kabete.

Kumwaga mabaki

Usimwage bariamu kwenye sinki wala kwenye mtaro. Kusanya mabaki yote ya hatua ya 2 na ya 4 ndani ya chupa moja, kisha uyamwagie mmumunyo wa chumvi ya Epsom mpaka usione mashapo mapya yakitokea. Bariamu yote sasa ni BaSO₄, ile ile wanayonyweshwa wagonjwa hospitalini kabla ya picha ya eksirei ya tumbo, kwa kuwa haiyeyuki hata ndani ya asidi ya tumbo na hupita bila kudhuru. Acha itulie usiku mmoja. Asubuhi dondosha tone la mwisho la Epsom juu ya maji angavu. Yakibaki angavu, yasawazishe kwa magadi kidogo, uyamwage, na unga mweupe uliobaki chini uufunge kwenye mfuko wenye lebo iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika.